Kumwiga msemaji mpaka Kiingereza kikae mdomoni

Nilipokuwa kijana wa ofisi kwenye kampuni moja ya utalii Arusha, mgeni alinipigia simu kuuliza nauli ya basi dogo la kutoka uwanja wa ndege wa KIA hadi mjini. Nikamwambia bei ni "fifteen". Akanyamaza. Akauliza tena, nami nikarudia kwa sauti kubwa zaidi nikidhani simu ndiyo mbovu. Akasema ni ghali mno, atajitafutia usafiri mwenyewe. Alikuwa amesikia dola 50.

Sarufi yangu haikuwa na kasoro. Kasoro ilikuwa pale nilipoweka nguvu. Nilitamka FIF-tin, kwa sababu ulimi wa Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho bila hata kukuuliza. Neno hilo likiwa peke yake, au likiwa mwisho wa sentensi, wenye lugha hukaza mkia na kuuvuta: fif-TIIN. Hamsini ndiyo hukazwa mwanzo. Nami kila nilivyopaza sauti ndivyo nilivyozidi kuikaza ile FIF, yaani nilizidi kumhakikishia kwamba ni 50.

Miaka yote ya shule hakuna aliyenidokeza jambo hilo. Lililonisaidia lilikuwa ni kumchukua msemaji mmoja na kumwiga, nusu dakika ya maneno yake kwa wiki nzima, mpaka ikawa naisema kama wimbo niliozaliwa nao. Utaratibu huo ndio ninaoueleza hapa. Unahitaji simu, hedifoni za bei yoyote, penseli, na robo saa kwa siku.

Ujue kwanza mdomo wako umezoea nini

Kuiga si jambo geni kwetu. Aliyepita madrasa anajua: mwalimu anasoma, mtoto anafuatisha, na herufi inarudiwa mpaka itoke mahali pake, iwe kooni au kwenye ncha ya ulimi. Maana ya aya inakuja baadaye. Wala hakuna anayemsema mtoto yule kwamba anajifanya Mwarabu. Kiingereza tulifundishwa kinyumenyume, ubaoni kwanza, na wengine tukamaliza shule kabla hakijatufika sikioni.

Anayejifunzia ubaoni husoma Kiingereza kwa kanuni za Kiswahili. Sisi tunatamka tunavyoandika, tuna irabu tano na kila moja ina sauti moja. Kiingereza kinachosomwa kwenye redio za London kina sauti za irabu takriban 20, zote zikibanana ndani ya herufi zile zile tano. Ndiyo maana "bad", "bud" na "bird" mdomoni mwa wengi wetu ni neno moja tu, "bad", na msikilizaji anabaki kubahatisha kama tunazungumzia ubaya, chipukizi la mti au ndege.

Lakini kuna jambo kubwa kuliko irabu, nalo ni mapigo. Mtunzi wa mashairi anajua kwamba Kiswahili huhesabu mizani: nane upande huu, nane upande ule, na kila silabi ina haki sawa na mwenzake. Kiingereza hakina uadilifu huo. Silabi chache hupewa nguvu, urefu na sauti ya juu. Zilizobaki hunyang'anywa mpaka zinakaribia kufa. Chukua sentensi hii: "I was going to tell you about it, but I forgot." Ina mizani 14, ila mapigo yake ni manne tu: GO, TELL, BOUT, GOT. Ukiisema kwa usawa wa Kiswahili, mizani zote 14 zikiwa na uzito mmoja, Mwingereza hupoteza dira. Anasubiri ngoma, nawe unampa marimba.

Ushahidi wa tabia ya ulimi wetu uko ndani ya Kiswahili chenyewe. "Blue" ilipohamia kwetu ikawa buluu, "club" ikawa kilabu, "bank" ikawa benki, "ticket" ikawa tiketi, "socks" ikawa soksi. Karibu kila konsonanti iliyokaa peke yake ilipewa irabu ya kuishikilia. Kwa Kiswahili huo ni utaratibu mzuri kabisa. Tatizo ni kwamba ulimi huo huo unaendelea na kazi hata unapozungumza Kiingereza, na ndipo "and" inapogeuka "andi", na "school" ikajipatia i mbele au nyuma.

Mchague mmoja tu

Hapa wengi huharibu mapema. Leo wanamwiga mtangazaji wa BBC, kesho mchekeshaji wa Marekani, keshokutwa mhubiri wa Nigeria. Matokeo yake ni lafudhi ya soko la mitumba. Chagua msemaji mmoja, ukae naye miezi miwili au mitatu.

Umchague nani? Nina vigezo vyangu. Awe anazungumza, si kusoma taarifa ya habari, kwa sababu ukiiga usomaji utaongea kama tangazo. Awe peke yake, bila muziki nyuma yake. Maneno yake yawe yamepatikana kwa maandishi mahali fulani. Na awe mtu ambaye usingeona aibu kusikika kama yeye. Hili watu hulidharau, lakini huwezi kuiga kwa moyo mtu anayekuudhi. Uzito wa sauti nao unasaidia: mwenye sauti nzito akimwiga mwenye sauti nyembamba, anaishia kuiga wembamba na kuacha mapigo.

Barack Obama ni chaguo la wengi, na kwa anayeanza si baya: husema kipande, hunyamaza, husema kingine, na ile mikato yake inakupa nafasi ya kuvuta pumzi. Ubaya wake ni kwamba hotuba za jukwaani si mazungumzo. Ukiagiza chai kwa mtindo wa Obama watu watageuka. Mahojiano yake ya kukaa kitini yanafaa zaidi. Kwa lafudhi ya Uingereza, David Attenborough, msimulizi wa filamu za wanyama, ana matamshi safi, japo ananong'ona na wanyama mno.

Wala si lazima awe Mzungu. Mkenya, Mtanzania au Mghana anayeeleweka kokote aendako ni kielelezo halali, na pengine ndiye atakayekufikisha haraka, kwa kuwa umbali kati ya mdomo wake na wako ni mfupi. Katika mtihani wa Kiingereza wa IELTS, ambao wauguzi na wanafunzi wetu wengi huufanya kabla ya kwenda ng'ambo, sehemu ya kuzungumza huchukua dakika 11 hadi 14, na matamshi ni kigezo kimoja kati ya vinne. Kinachopimwa ni kueleweka na kuzitumia vizuri nguvu na kiimbo. Hakuna alama zinazokatwa kwa sababu umetoka Mbeya.

Kama hujui pa kuanzia, VOA ilianza mwaka 1959 kutangaza Kiingereza kilichorahisishwa, chenye msamiati wa maneno kama 1,500, kikisomwa polepole, na rekodi nyingi za namna hiyo zimesambaa kwenye intaneti. Zitumie kulizoesha sikio, lakini usizifanye kielelezo cha mdomo kwa muda mrefu. Kiingereza kikipunguzwa mwendo, zile silabi zilizonyang'anywa hurudishiwa mali zao, na wewe unachotafuta ni huo unyang'anyi.

Kata nusu dakika

Sekunde 30, basi. Msemaji wa kawaida wa Kiingereza hutoa maneno kama 150 kwa dakika, kwa hiyo nusu dakika ina maneno 75 hivi, na hayo ni mengi kuliko yanavyoonekana. Anayejipa dakika kumi huishia kuwa msikilizaji tu.

Pakua mara moja ukiwa kwenye intaneti ya bure, kisha ikate sauti na kuihifadhi. Audacity hufanya kazi hiyo bila malipo kwenye kompyuta, na programu ndogo za simu zipo tele. Faida moja ya njia hii ambayo sijaona ikisemwa: kipande kimoja kwa wiki nzima hakili bando.

Imla kabla ya karatasi

Sikiliza kipande mara tatu bila kuandika na bila kufungua mdomo. Mara ya nne, chukua daftari uandike unachosikia, kama imla ya darasa la tano. Rudia mpaka uone huwezi kuongeza neno. Hapo ndipo ufungue maandishi yake na kulinganisha kwa kalamu nyekundu.

Usiiruke hatua hii, maana ndiyo inayofichua ugonjwa. Utakuta maneno makubwa umeyapata yote. Yaliyokupita ni yale madogo: "of", "have", "to", "at", "was", "them". Hukuyasikia kwa sababu ulikuwa unasubiri yatamkwe kwa nguvu kama ubaoni, kumbe yamepita kama upepo. "Could have" imepita kama "kudav". "A cup of tea" imepita kama "akapati". Kila neno ulilokosa kwenye imla ndilo unalolitamka kwa nguvu kupita kiasi unapozungumza. Sikio na mdomo vina kasoro moja.

Sasa chukua penseli uweke alama kwenye maandishi. Piga mstari chini ya silabi zilizopigwa kwa nguvu, weka mkwaju (/) pale msemaji anapokata pumzi, na chora upinde kuunganisha maneno yaliyoshikana. Kwenye sentensi yetu ya juu, "about it" inasikika "abau-tit", na "but I" inasikika "ba-tai". Konsonanti ya mwisho huhamia neno la mbele. Hii ni habari njema kwa Mswahili: ile konsonanti iliyokuwa ikikulazimisha kuongeza irabu sasa imepata irabu halali ya jirani.

Gonga meza

Kabla ya kutamka neno hata moja, igiza wimbo wa sentensi kwa kuguna. Funga mdomo, guna: mm-mm-MM-mm-mm-MM, ukipanda anapopanda na kushuka anaposhuka. Wakati huo huo gonga meza kwa kidole kwenye silabi zenye nguvu tu. Ukiguna pamoja naye bila kumpita wala kuachwa, umeshapata nusu ya lafudhi yake, na bado hujasema kitu.

Zoezi la kuzoesha mkono ni hili. Gonga mara tatu kwa mwendo ule ule kila mstari:

Boys need shoes.
The boys need some shoes.
The boys will be needing some shoes.

Mizani zinaongezeka kutoka 3 hadi 8, mapigo yanabaki matatu, na mstari wa tatu unatakiwa uchukue muda unaokaribia ule wa kwanza. Yale maneno yaliyoongezwa yanabanwa katikati kama abiria wa daladala saa kumi na moja jioni. Mswahili akijaribu mara ya kwanza hucheka, kwa maana anahisi anameza maneno. Meza tu.

Maneno huliwa kwa sauti moja maalumu, ambayo ndiyo irabu inayotumika kuliko zote katika Kiingereza na ambayo Kiswahili hakina. Kamusi huiandika ə, e iliyopinduliwa. Legeza taya, ulimi uulaze katikati, usifanye juhudi yoyote, toa sauti fupi. Ndiyo hiyo. Iko mwanzo wa "about", mwisho wa "teacher", na iko mara mbili kwenye "banana", mwanzo na mwisho, katikati pakiwa na NAA ndefu. Ukiijua, "comfortable" haitakuwa tena kom-fo-TE-bo, itakuwa KAMF-tə-bl. "Vegetable" itapungua kuwa VEJ-tə-bl. Na "category", ambayo kwetu husikika sana ikikazwa GO, itakazwa mwanzo.

Neno la kuchunga kuliko yote ni "can". Wao wakisema "I can come" nguvu iko kwenye "come", na "can" inakuwa "kən", ya haraka. Ikikataliwa, "I can't come", neno hilo hupata nguvu na urefu, wakati t ya mwisho mara nyingi haisikiki vizuri. Kwa hiyo ukisema "I CAN come" kwa nguvu kamili ukidhani unamhakikishia mtu, Mmarekani anaweza kusikia kwamba huji.

Sauti za kushughulikia, na zile ambazo tayari unazo

Usizishughulikie zote kwa pamoja. Chagua moja kwa wiki, ile inayojirudia kwenye kipande chako.

Anza na mtaji ulio nao. "Think" ina th ya thamani. "This" ina dh ya dhahabu. Kama kwenu mnasema "samani" na "zahabu", fanyia kazi Kiswahili chako na Kiingereza kitapona humo humo: ncha ya ulimi itokeze kidogo kati ya meno. "Singer" ina ng' ya ng'ombe, na "finger" ina ng ya nguo. Wageni wanaojifunza Kiingereza huteseka na tofauti hiyo. Sisi tunayo tangu utotoni.

Kuna mtaji mwingine ambao watu wa bara wengi hawaujui. Wazee wa Lamu na Mombasa hutofautisha paa la nyumba na paa mnyama: yule wa porini hutoka na pumzi. Vivyo hivyo kaa la moto na kaa wa baharini, huyu wa baharini akiwa ndiye mwenye pumzi. P, t na k za Kiingereza mwanzoni mwa silabi yenye nguvu ni kama za paa mnyama. Shika kipande cha karatasi nyepesi mbele ya midomo, sema "paper", "table", "coffee". Kisipocheza, umetamka paa la nyumba.

R ni kazi zaidi. R yetu hupiga ncha ya ulimi kwenye ufizi. Ya kwao haigusi popote: ulimi hujikunja kidogo nyuma na midomo hujibana. Wale ambao lugha zao za nyumbani zina moja tu kati ya l na r watahitaji muda mrefu zaidi hapa, na wasivunjike moyo. L inagusa, r haigusi. Kumbuka hilo tu, halafu tafuta kioo. Tena amua mapema kama unafuata Uingereza au Marekani, kwa maana Waingereza wa redioni huiacha r ya "car" na "hard", wakati Wamarekani wengi huitamka. Msemaji wako ameshakuamulia. Ndiyo faida ya kuwa na mmoja.

Halafu miisho. "Rice" na "rise", "leaf" na "leave", "back" na "bag": tunahangaika na konsonanti ya mwisho, kumbe sikio la mwenyeji hutegemea zaidi urefu wa irabu iliyotangulia. "Rise" huvutwa, "rice" hukatwa. "Bag" huvutwa, "back" hukatwa. Vuta irabu inavyostahili, kisha ifunge konsonanti bila kuifungulia mlango wa i. Nilipolijua hili niliacha kupigana na miisho kwa miezi, ikatosha kuhesabu urefu.

Kuhusu "ship" na "sheep" sina mengi: irabu ya kwanza ni fupi na mdomo umelegea, ya pili ni ndefu na midomo imetabasamu. Usifanye urefu peke yake.

Sasa mfuatishe

Hatua hii ina sehemu mbili. Kwanza unamsimamisha. Cheza kipande kimoja mpaka kwenye mkwaju wako wa penseli, simamisha, sema vile vile, endelea. Kikikushinda, kijenge kutoka mkiani: "forgot", kisha "I forgot", kisha "but I forgot", kisha "about it, but I forgot". Ukijenga kutoka mbele, unachoka kabla ya mwisho na wimbo unaanguka. Ukijenga kutoka nyuma, kila unaporudia unaelekea kwenye sehemu unayoijua.

Pili, humsimamishi tena. Vaa hedifoni sikio moja, sikio la pili liachie sauti yako, na useme nyuma yake kwa umbali wa nusu sekunde, kama kivuli kinavyomfuata mwenye mwili. Alexander Arguelles, Mmarekani aliyejulikana kwa kujifunza lugha nyingi, ndiye aliyeieneza sana mbinu hii miongoni mwa wanaojisomea, na yeye husisitiza kutembea kwa hatua za haraka, mgongo umenyooka, ukitamka kwa sauti kubwa. Nilidhani ni mbwembwe mpaka nilipojaribu. Miguu inashika mapigo, na kifua kikiwa wazi sauti haifii kooni. Barabara ya vumbi alfajiri inatosha. Watakaokuona watadhani unazungumza na simu.

Ukiachwa nyuma, punguza mwendo. YouTube ina 0.75, usishuke chini ya hapo, sauti inaharibika na utaiga uharibifu. Ukiweza kufuatisha mara tatu mfululizo bila kujikwaa, rudisha mwendo wa kawaida.

Na usichanganye kazi. Mwaka 1953 mtafiti wa Uingereza, Colin Cherry, aliwavalisha watu hedifoni, akawapa ujumbe tofauti kila sikio na kuwataka wafuatishe mmoja kwa sauti. Walimudu, ila ule wa sikio la pili hawakuweza kueleza ulihusu nini. Kufuatisha kunakula akili yote. Ukifanya huku unakaanga vitunguu, kitu kimoja kitaungua.

Jirekodi, hata kama unajichukia

Sauti yako kwenye rekodi itakuudhi. Ukiongea unajisikia kupitia hewa na kupitia mifupa ya kichwa, na mifupa huongeza uzito. Simu inachukua hewa peke yake. Hivyo ndivyo wenzako wanavyokusikia siku zote, na wamekuvumilia.

Fungua WhatsApp, jitumie ujumbe wa sauti wewe mwenyewe: kipande chako, mara moja, bila kusikiliza cha msemaji kwanza. Kisha cheza chake, halafu chako. Tafuta kosa moja tu. Wiki ya kwanza tafuta mapigo, usiguse kitu kingine. Ukiorodhesha makosa kumi na mawili hutarekebisha hata moja, na kesho yake hutafungua simu. Rekodi ya siku ya kwanza usiifute.

Ukitilia shaka neno moja moja, kamusi ya Cambridge mtandaoni ina kitufe cha sauti ya Uingereza na cha Marekani. YouGlish hukuletea video za watu wakilitamka neno hilo ndani ya sentensi, na hiyo ni bora kwa sababu neno la kwenye kamusi limevaa suti, la kwenye sentensi limevaa kaptura.

Toka kwenye kipande

Wapo wanaoiga vizuri ajabu, na wakiulizwa swali la kawaida wanarudi kule kule. Wamekariri wimbo, hawajajifunza kuimba. Kwa hiyo Ijumaa na Jumamosi usimfuatishe tena. Chukua sentensi zake, bakiza mapigo yake, badilisha maneno. "I was going to tell you about it, but I forgot" inakuwa "I was going to call you on Sunday, but I slept". Tengeneza kumi za namna hiyo kutokana na maisha yako: kazini, nyumbani, dukani.

Halafu simulia jambo moja, tuseme siku uliyopotea Kariakoo, kwa dakika nne mbele ya simu inayorekodi. Rudia habari ile ile kwa dakika tatu. Rudia kwa dakika mbili. Walimu wa lugha hulitumia sana zoezi hili, na linafanya kazi kwa sababu moja nyepesi: mara ya tatu huna tena cha kutafuta kichwani, maneno yapo, akili inapata nafasi ya kushughulikia mwendo. Zile "eeeh" na "aaah" zinapukutika zenyewe. Kama una mwenzako, msimulie yeye. Mtu huulizia pale asipoelewa, na simu haiulizi.

Kipande kikichosha kabla ya wiki kuisha, kiache. Kikikupendeza, kaa nacho wiki mbili. Miezi miwili ya kwanza ni vipande sita hadi vinane, yaani dakika tatu au nne za Kiingereza kwa jumla. Najua inasikika kama mzaha.

Kuhusu watakaosema unabana pua

Watasema. Kenya wana neno lao, kutweng. Tanzania tunasema anabana pua, amelewa kimombo. Wakati mwingine wana haki. Aliyeiga r za Marekani na "you know" kila baada ya maneno matatu, huku mapigo yake bado ni ya Kiswahili, anasikika kama gari bovu lililopakwa rangi. Ndiyo sababu nyingine ya kuanza na mapigo: watu wa kwenu hawayagundui. Ukikaza silabi sahihi na kumeza zinazostahili kumezwa, rafiki zako wataona tu kwamba unaeleweka kwa wageni, hawatajua ni kwa nini. R na t zako zinaweza kubaki za Moshi.

Mimi nina sauti mbili. Nikiwa na mgeni kwenye simu naachia ile niliyoiiga. Nikigeuka kumwambia dereva Kiingereza cha ofisini, inarudi ya nyumbani, wala siikatazi. Na bei bado naitaja mara mbili, "fifteen, one-five", kwa kuwa neno hilo likitangulia neno jingine lenye nguvu, kama "dollars", hata wenyeji mara nyingi huhamishia mkazo mbele, na wao kwa wao huulizana.